Mikia Kumi na Minne

Nilikuwa nimelaza ncha ya utepe wa kurekodia sauti kwenye kibao cha kuungia, wembe mkononi, niliposikia watu wawili wakipanda ngazi. Hatua za mmoja zilikuwa nyepesi. Za mwingine zilipumzika kila baada ya vidato vitatu. Niliweka wembe chini. Mgeni nilimwita mwenyewe kwa simu, siku tatu kabla, na bado nilishtuka kama mtu aliyefumaniwa.

Alikuwa mpiga tarumbeta wa bendi iliyokuwa ikirekodi hapa studio zamani. Wenzake walimwita Kifua kwa sababu ya pumzi zake. Sasa alikuwa amebaki mifupa na koti, na binti yake alikuwa amemshika kiwiko. Binti aliniamkia, nikaitika, nikawavutia viti. Kisha nilizima feni ili upepo usipeperushe vipande vilivyokuwa mezani.

Vilikuwa vipande kumi na vinne vya utepe, kila kimoja kimeviringwa na kubanwa kwa kibanio cha karatasi. Hapa studio tunaviita mikia, maana yake sehemu ya mwisho ya wimbo iliyokatwa. Nilikuwa nimeitunza mikia hiyo ndani ya kopo la biskuti kwa miaka thelathini na moja, bila kuandika neno juu ya hata mmoja. Mimi, ambaye huandika tarehe hata kwenye betri.

Nilimweleza Kifua shida yangu. Mtoto wa mtu aliyekuwa akisambaza kazi za bendi alitaka kuutoa upya mkusanyiko wa nyimbo zake bora, ule uliotoka zamani kwenye kanda, safari hii kwa watu wanaosikiliza kwenye simu. Nilimwomba aniruhusu kuzirudisha nyimbo zikiwa nzima, akakubali. Lakini mikia yote ilifanana. Mwendo ule ule, gita lile lile, na hakuna anayeimba. Kilichoitofautisha kilikuwa tarumbeta, na mtu wa kulijua tarumbeta lile alikuwa mmoja tu.

"Kwa hiyo umeniita nije kutambua maiti," alisema.

"Baba," binti yake alimkanya.

"Mwache baba yako. Mimi na Fundi tunajuana tangu ana nywele."

Nilipitisha mkia wa kwanza kwenye mashine. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, vidole vitatu vya mkono wa kulia vikibonyeza goti. Haikufika nusu dakika akasema huo ni wa ule wimbo wa barua, kwa sababu siku ile mdomo ulikuwa umempasuka na ile noti ya juu aliizunguka badala ya kuipanda. Wa pili ulikuwa wa wimbo wa harusi. Kwenye wa tatu alisitasita, akaomba niurudie, akasema ni wa wimbo wa mgonjwa. Kila alipotaja niliandika kwenye karatasi, nikabandika.

Binti yake alikuwa akimtazama baba yake goti lile. Kisha aliniambia kwamba hakuwahi kumsikia akipiga. Tarumbeta liliuzwa kabla hajazaliwa. Bendi yenyewe aliijua kwa ile kanda tu, upande wa kwanza na wa pili, na aliweza kuimba nyimbo zote mpaka pale zinapokatika. Watoto wake nao wanaijua. Wameisikiliza kutoka mwanzo hadi mwisho wakimtafuta babu yao, na hawakumpata.

"Siku hizi wanamuuliza kama alikuwa anabeba spika," alisema.

"Nimewaambia ndiyo, na zilikuwa nzito," alijibu Kifua. Alicheka, ila mimi niliinama kusafisha mashine pamba mkononi, ingawa ilikuwa safi.

Nimefikiri sana juu ya kanda ile. Siwezi kusema ilikuwa mbaya. Nyimbo hizo zilirekodiwa mara moja kwenye rili, yale magurudumu ya utepe, zikakaa kabatini, na bila mkusanyiko ule zingeoza pamoja na kabati. Mtu asiye na nafasi ya kusikiliza kazi ya miaka kumi alipewa saa moja, na saa hiyo ilikuwa nzuri. Ilipigwa kwa vinyozi, jikoni, kwenye maduka ya nguo. Lakini mkusanyiko wa nyimbo bora humtambulisha mtu kwa siku zake nzuri tu, tena siku zilizochaguliwa na mwingine. Zile nyimbo za polepole ambazo bendi ilizipenda hakuna aliyeziulizia tena. Watu walidhani wameshaijua bendi yote. Na aliyekosekana kwenye ile saa moja, kwao hakuwahi kuwepo.

Mkia wa nne Kifua aliutambua kabla sijakaa. Nikaweka wa tano.

Huo nilikuwa naujua, ingawa si wimbo ulikotoka. Nilikuwa nimeusikia mara nyingi peke yangu. Gita linazunguka mara mbili, halafu inaingia sauti ya Kiongozi wa bendi, akiwa mbali kidogo na kinasa sauti, anasema kama mtu anayetabasamu: "Kifua, waamshe waliolala." Ndipo tarumbeta linapoingia.

Vidole vya mzee vilisimama juu ya goti. Tarumbeta lilicheza mpaka likaisha, utepe ukatoka kwenye mashine na kubaki ukipiga paa, paa, mpaka nikaizima.

"Sikia anavyoniita," alisema. "Ananiita vizuri hivyo, halafu anakwenda kunikata kwenye nyimbo zote kumi na nne. Nilimwendea nyumbani kwake na kanda mkononi. Akaniapia kwamba hajui lolote. Nikamwambia mbele ya mke wake kwamba ni mwongo na ana kijicho. Hatukusalimiana tena mpaka amekufa."

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa nimeshanyamaza wakati mikia minne ikipita, na kazi ilikuwa inakwenda vizuri. Nilitazama vibanio vilivyobaki, nikavihesabu, tisa.

"Si yeye, kaka," nilisema. "Ni mimi."

Hakugeuka. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikisimama sitaweza tena. Nilimwambia kwamba Kiongozi alikuwa safarini wakati ule. Msambazaji aliniletea rili pamoja na jalada ambalo lilikuwa limeshachapwa, majina kumi na manne juu yake. Kanda ilikuwa ya dakika sitini, na nyimbo zote pamoja zilikaribia mia. Ningeweza kumwambia apunguze majina, achape jalada upya. Sikumwambia. Nilichukua saa nikagawa, kila wimbo dakika nne na kitu. Utepe mpya wa kunakili haukupatikana wiki ile, kwa hiyo nilikata rili zenyewe. Nilikata mwisho, nikijiambia kwamba watu wanapenda maneno, na maneno yako mwanzo. Nilikata juu ya pigo, safi kabisa, utadhani bendi ilikubaliana kuishia pale.

"Na hukunisikia?" aliuliza. "Kila mara nilikuwa naingia mwisho. Kiongozi ndivyo alivyopanga, niwe wa mwisho kusikika."

"Kufika wimbo wa tatu nilikuwa nimeshajua."

"Halafu?"

"Niliendelea. Mahesabu yalikuwa yamekaa vizuri."

Hilo ndilo lililonichoma kulitamka kuliko yote. Nilikuwa nimejiandalia sababu nyingine, za jalada na za utepe, nazo zilikuwa za kweli. Hii sikuwa nimeiandaa.

Aliniuliza kama nilisikia habari za ugomvi wao. Nikasema nilisikia. Akauliza lini. Nikasema mwezi ule ule. Mwanzoni niliogopa kufukuzwa kazi, na msambazaji alipokufa nikaona nimechelewa mno hata nisijue nitaanzia wapi. Yeye hakuwahi kuja kuniuliza, wala Kiongozi hakuja. Nani angemfikiria fundi?

Kifua alikuwa anatazama ukuta, pale nilipotundika nyaya kwa urefu wake.

"Sikwenda kumzika," alisema. "Mke wake alimtuma mtu mara mbili. Nikasema nina kikohozi."

Chini barabarani mtu alikuwa anavuta mlango wa chuma wa duka, umekwama, anauvuta tena. Binti alimfunga baba yake vifungo vya koti, kimoja kimoja, ingawa hapakuwa na baridi. Kisha akanigeukia.

"Nimekupa shikamoo yako pale mlangoni," alisema taratibu. "Ningejua, ningeichelewesha kidogo."

Nilitaka kumwambia kwamba niliitunza mikia, kwamba mtu asiyejali angeitupa. Lakini niliona ningekuwa naomba kusifiwa.

Kifua aliinuka kwa kushika ukingo wa meza. Aliuliza kama mjane wa Kiongozi bado yupo. Nikasema yupo, anakaa nyuma ya kiwanda cha uchapaji.

"Kesho saa tatu asubuhi tutakwenda kwake. Utasema wewe, kama ulivyosema hapa. Na hilo la wimbo wa tatu usiliruke."

"Sitaliruka, kaka."

"Ukiliruka nitalisema mimi."

Nikamuuliza kuhusu mikia iliyobaki, na papo hapo nikaona aibu kwa kuuliza. Hata wakati ule nilikuwa nafikiria kazi yangu.

"Tukishatoka kwake nitakwambia kama nitapanda tena ngazi hizi," alisema. "Sasa hivi sijui."

Waliteremka polepole. Safari hii alipumzika kwenye kila kidato, na nilisimama mlangoni nisithubutu kwenda kumshika mkono wa pili.

Niliporudi mezani, mikia minne ilikuwa na majina. Tisa ilikuwa kwenye vibanio vyake. Wa tano ulikuwa bado umening'inia kwenye mashine, na hakuwa ameniambia ni wa wimbo gani. Niliushika nikitaka kuuvingirisha, nikauacha. Nilifunika mashine kwa kitambaa kwa ajili ya vumbi, nikauweka wembe kwenye karatasi yake, nikafunga dirisha.