Siku Tatu za Onora Tuohy

"Sikilizeni, sikilizeni, enyi nyote mlio na shauri mbele ya Mahakama tukufu ya Mfalme, karibieni mpewe haki." Mpiga mbiu aliyasema hayo kwa sauti iliyotikisa madirisha, kisha mwenye baa akamwomba asogee kidogo, maana alikuwa amekanyaga mlango wa ghala la pombe na waheshimiwa walikuwa na kiu.

Mahakama ya wilaya, katika koloni la Maryland, ilikaa kwenye baa mwishoni mwa Oktoba ile ya 1741. Jengo lake lenyewe lilikuwa linavuja. Onora Tuohy alisimama karibu na mapipa, amemshika mkono binti yake Mella, wa miaka mitano. Zilibaki siku kumi na moja amalize utumishi wa miaka saba, ule ambao mkataba wake aliutia alama ya msalaba badala ya sahihi kule Cork, Ayalandi, ili avushwe bahari bila nauli. Baba yake Mella alikwisha kufa kwa homa. Mahakama ilikuwa imeamua zamani: mama akiwa huru kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Martin, tarehe kumi na moja Novemba, ataondoka na mtoto. La sivyo, mtoto atawekwa utumishini kwa Bwana Pruett, bwana wa mama yake, mpaka atimize miaka kumi na sita.

Na sheria ya utoro ilikuwa nyepesi kuikariri: ukipotea siku moja, unarudisha kumi.

Mshtaki alikuwa Bwana Pruett mwenyewe, mwenye shamba la tumbaku. Ilitokea tu kwamba yeye pia alikuwa mmoja wa mahakimu watatu. Lakini Bwana Pruett aliheshimu taratibu. Kesi ilipoitwa alisimama, akawainamia wenzake, akazunguka meza, akaapa juu ya Biblia kwamba mtumishi wake alitoroka siku tatu wakati wa kupakia tumbaku, akashukuriwa, akazunguka meza tena, akakalia kiti ambacho kilikuwa hakijapoa. Onora aliuma shavu kwa ndani asicheke.

Hakimu mkuu, Mheshimiwa Lowther, alimtaka aeleze alikokuwa. Onora alikuwa ameuandaa uongo wake kwa siku nne, na ulikuwa uongo mzuri, wenye ng'ombe aliyepotea, ukungu, na kinamasi kisicho na njia.

"Na sauti imekukauka kwa nini?" Lowther akauliza.

"Baridi ya kinamasi, mheshimiwa."

"Shamba la jirani walisikia mwanamke akilia siku tatu mpaka ng'ombe wakagoma kutoa maziwa. Huyo naye alikuwa baridi ya kinamasi?"

Baa nzima ikaangua kicheko. Onora akaona hakuna pa kupenya, akasema kweli. Kaka yake, Diarmuid, mtumishi kwenye shamba hilo la jirani, alikufa Jumapili. Bwana Pruett mwenyewe alimpa Onora ruhusa ya mdomo ya kwenda huko, hadi jioni. Lakini kwao maiti haachwi peke yake kabla ya kuzikwa, wala haendi bila kuliliwa na mwanamke wa damu yake, na jeneza lilichelewa. Seremala, mtu mweusi ambaye utumwa wake haukuwa na siku ya mwisho ya kuingojea, alikatazwa kugusa ubao wowote mpaka mapipa ya tumbaku yakamilike. Ilitangulia tumbaku. Diarmuid akafuata Jumatano.

"Si ungerudi kazini, ukaenda tena siku ya kuzika?" Lowther akauliza.

"Angebaki na nani?"

"Wewe mwanamke, amekufa huyo. Ungemwacha, angekwenda wapi?"

Walicheka tena. Lowther, aliyekuwa kwenye glasi ya tatu, akaegemea kiti. Alisema amesikia habari za kilio cha Waayalandi tangu utotoni lakini hajapata kukisikia chenyewe. "Hebu kitoe hapa tukisikie. Kikitugusa, huenda tukapunguza siku."

Onora aliuachia mkono wa Mella. Kilio cha kwao huanza kwa kumwita marehemu kwa jina lake, kisha kumweleza alivyokuwa, kisha kumuuliza kwa nini ameondoka. Akafungua kinywa amwite Diarmuid. Hakikutoka kitu. Akafunga macho, akajaribu tena, na safari hii sauti ilitoka, imechanika kama gunia.

"Mella wangu, Mella, ulipoota jino la kwanza mimi nilikuwa kwenye tumbaku. Ulipopiga hatua ya kwanza nilisimuliwa. Mella, mbona unakwenda na sijakutazama nikashiba?"

Mwenye baa aliacha kumimina.

"Abee, mama," mtoto akaitika.

Bwana Pruett alitabasamu, akamgeukia Lowther. "Umeona? Anaitika mara moja. Anafundishika huyu."

Lowther aliweka glasi chini taratibu. "Kaka yako aliitwa nani?"

"Diarmuid, mheshimiwa."

"Sisi tumesikia jina jingine. Unatudanganya mara ya pili?"

Onora alimtazama karani, ambaye alikuwa amekwisha kuchovya kalamu.

"Nimedanganya," alisema. "Kaka yangu nilimaliza kumlilia kulekule, mheshimiwa. Huyu ndiye wa leo."