Wakili wa Nini

Kaka yangu alikuja mahakamani bila wakili. "Wakili wa nini, dada? Mwendesha mashtaka si mwanetu?" Akaegemea kizimba kama kaunta ya duka lake.

Alikuwa ameficha sukari stoo akisubiri bei ipande, huku akiwaambia wateja imekwisha. Hata mimi, dada yake wa damu, aliniambia imekwisha!

Binti yangu ni mkaguzi wa biashara, na mwezi ule alikuwa ameteuliwa kuwa mwendesha mashtaka maalumu, mwenye mamlaka ya kusimamia kesi zote za biashara mjini. Ndugu walinipigia simu mpaka masikio yakauma: mwambie aifute. Nikawajibu wamwambie wenyewe, kama wana ubavu.

Binti akasimama. Mjomba wake akamkonyeza.

"Mheshimiwa, nina mamlaka ya kumshtaki mfanyabiashara yeyote mjini hapa. Lakini mshtakiwa huyu ni mjomba wangu, na ndiye aliyenisomesha. Naomba kesi hii aiendeshe mwenzangu."

Hakimu akakubali. Binti akamkabidhi jalada mwenzake, bwana mmoja asiyecheka na mtu, akaja kukaa kando yangu. Bwana yule akaanza kusoma mashtaka, hakuacha hata gunia moja.

Kaka akanigeukia, jasho linamtiririka. "Dada, huyu ni mtoto wa nani?"

Nikasimama, mahakama nzima inisikie. "Wangu!"

Hakimu akaniamuru nikae. Sikukaa upesi.