Upande wa Uji

Ghala lile lilijengwa kuhifadhi pamba. Bei ya pamba ilipoanguka likakaa tupu, likawa la popo, hadi mwaka wa hamsini na tano alipokuja daktari mmoja kutoka ng'ambo akalikodi. Si wa misheni, si wa serikali. Alikuja na fedha zake na masanduku yake, akapaka kuta chokaa, akatandika mikeka, akaning'iniza mzani mkubwa kwenye boriti ya katikati. Hapo kando ya njia iendayo Kivukoni, nje kidogo ya Ifakara, akina mama wa bonde zima wakaanza kuleta watoto wao waliovimba. Watu walimwita Bwana Mizani, maana hakumjua mtoto kwa jina wala kwa sura. Alimjua kwa uzito.

Tekla alimleta Hilari wake kutoka Mchombe wakati wa mvua kubwa. Mtoto alikuwa anaelekea mwaka wa tatu. Miguu imevimba, ngozi inababuka, nywele zimegeuka nyekundu na zinang'oka ukizigusa. Alikuwa ameacha kucheza, ameacha hata kumfukuza nzi usoni. Pamoja na mtoto huyo Tekla alibeba na aibu. Mama mkwe wake, Kandida, alikwisha kutangaza kisimani, shambani na hata nje ya kanisa baada ya misa kwamba mjukuu wake amebemendwa. Mama mtu, alisema, hakuwa na subira ya kumaliza kunyonyesha. Amemrudia mwanamume kabla ya wakati, na kama si mumewe basi ni wa mtu, na sasa mtoto ndiye anayeteketea. Ponsiano, mume wa Tekla, aliujua ukweli, kwani katika jambo kama hilo shahidi wa pili ni yeye. Lakini mbele ya mama yake Ponsiano hakuwa na ulimi. Wapo wanaume wa namna hiyo, na wake zao ndio wanaosemwa.

Basi Tekla alifika ghalani akiwa na tumaini moja tu, mtoto apone na dunia nzima ijue kilichomwangusha.

Siku ya kwanza alielezwa utaratibu na Leodegar, mganga msaidizi, kijana wa Mahenge aliyekuwa pia mkalimani wa daktari. Ghala lina pande mbili. Watoto wa upande wa mlangoni wanapewa maziwa ya unga yaliyokorogwa na sukari na mafuta. Watoto wa upande wa dirishani wanapewa uji wa mchele. Hilari amepangiwa dirishani. Chakula cha kutoka nje ni marufuku, na kila wiki mtoto anapanda mzani.

"Kwa nini wangu asipewe maziwa?" Tekla aliuliza.

"Ni utafiti, dada," Leodegar alisema huku akitazama miguu yake. "Daktari anataka kujua kama kinachoponya ni maziwa, au ni kulala mahali safi na kutunzwa."

"Na wa uji wasipopona?"

"Atakuwa amejua."

Hebu fikiri. Mtu mzima, msomi, masanduku ya maziwa yamepangwa ukutani mpaka yanagusa paa, na mtoto anayekufa kwa kukosa maziwa amelala chini yake ananyweshwa uji wa mchele, ule ule aliokuwa akinyweshwa kwao Mchombe mpaka akavimba. Halafu mtu huyo analala usingizi. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu alimjua, tena alimpima kila wiki.

Lakini Tekla hakuwa na pa kwenda. Alimwosha Hilari kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta palipobabuka, akamgeuza ubavu huu na huu asichubuke, akamtia uji kinywani kwa ncha ya kijiko, naye akiutema anaanza tena. Kulea mgonjwa asiyetaka kuishi ni kazi ya kubembeleza, na akina mama wa pande zote mbili waliifanya sawasawa. Kwa kutunzwa, watoto wale hawakupungukiwa na kitu.

Jirani yake wa dirishani aliitwa Domitila, mama mpole wa Malinyi, mwenye binti mdogo kuliko Hilari. Binti yule alikunywa uji wake wote bila kusumbua mtu, na asubuhi moja akafa bila kusumbua mtu. Bwana Mizani alikuja, akamtazama, akaandika, akasema kupitia kwa Leodegar kwamba anasikitika. Labda kweli alisikitika. Masanduku hayakushuka.

Waliporudi kutoka kuzika, mama mmoja wa upande wa maziwa alimfuata Tekla mkekani. Alikuwa Eufrasia, mwanamke mnene wa sauti, aliyemleta mwanawe Fulgensi. Yeye na Tekla walikwisha kujuana ukoo kwa ukoo. Wote wawili asili yao Mahenge, na koo zao ni watani tangu mababu, wa kutukanana hadharani na kuzikana. Tangu siku walipotambuana Eufrasia alikuwa akimwita Tekla mtumwa wake, na Tekla akimwambia kwamba ukoo wao unajulikana kwa ulafi. Siku hiyo Eufrasia hakuwa na utani usoni.

"Mtoto wako akifa, nani atakayemchimbia kaburi?"

"Ninyi watani," Tekla alisema.

"Basi mimi nimechoka na makaburi. Mvua hizi udongo ni mzito. Mtani hanyimwi, na mtani akichukua si mwizi. Kikombe changu kitakuwa pale. Ukishindwa kukichukua, mjinga ni wewe na ukoo wenu."

Ukawa ndio mtindo. Maziwa yakigawiwa, Tekla anavuka ghala mchana kweupe, anamnyang'anya Eufrasia kikombe, Eufrasia anampigia kelele kwamba watu wa ukoo ule walizaliwa na mikono mirefu, ghala zima linacheka, na nusu ya maziwa inaishia tumboni mwa Hilari. Leodegar aliona. Alikuwa mtoto wa huku, akajua kwamba mtu hamzuii mtani, akageukia dirisha. Bwana Mizani naye aliona wanawake wakichezeana, akatabasamu kwamba wodi yake ina furaha.

Wengine hawakukawia. Mwenye mtani akanyang'anywa na mtani wake. Asiye na mtani akapata shemeji au somo, na mama mmoja alitafutiwa undugu kupitia kwa bibi aliyekufa zamani za Wajerumani, ilimradi kikombe kivuke. Haikuwa bure. Fulgensi na wenzake wa mlangoni walipona polepole kuliko ambavyo wangepona, na mama zao walijua kabisa wanatoa nini. Hakuna aliyezuia kikombe chake.

Hilari alianza kufukuza nzi. Baadaye akaomba chakula. Siku aliyomuuma mama yake kidole kwa sababu kijiko kimechelewa, Tekla alilia kwa furaha mpaka Eufrasia akamwambia afute kamasi. Uvimbe ulikuwa bado miguuni, lakini uso ulirudi ukawa uso wa mtoto. Leodegar alisema bado miezi miwili hivi, kisha atatembea mwenyewe kurudi Mchombe.

Mpunga ulipoanza kukomaa, Kandida akaja kumwona mjukuu. Ikasadifu ni siku ya mzani. Alikaa kwenye mkeka wa Tekla na kikapu chake, amenyoosha mgongo kama aliyekuja barazani kushtaki, akatazama watoto wakining'inizwa mmoja mmoja. Mwisho daktari akasimama katikati. Alikuwa na furaha. Alizungumza kwa muda, na Leodegar akatafsiri bila kumtazama mtu.

"Daktari anawashukuru. Anasema watoto wa uji wameongezeka karibu sawa na watoto wa maziwa. Kwa hiyo imeonekana maziwa si lazima. Ataandikia wakubwa kwamba kununua maziwa kwa ajili ya bonde hili ni kupoteza fedha. Akina mama wafundishwe usafi na matunzo, na uji wao unatosha."

Kandida alipiga makofi mawili ya taratibu, yale ya mtu aliyeshinda kesi.

"Mmesikia wenyewe," alisema, na sauti yake ilifika pande zote. "Uji unatosha. Na uji kwangu alikuwa anakula, mchele wangu mwenyewe. Sasa kilichomvimbisha mjukuu wangu ni nini kama si uchafu wa mama yake?"

Tekla alihisi masikio yanawaka. Akinyamaza, Hilari anabaki, kikombe kinaendelea kuvuka, mtoto anapona. Akinyamaza pia, Kandida amepata muhuri wa daktari, na watoto watakaokuja baada ya hawa watanyweshwa uji mpaka wazikwe, na kila mama atarudi kwao akiitwa mchafu. Alimtazama Eufrasia. Eufrasia alitikisa kichwa, kidogo sana, kumkataza.

Tekla akasimama.

"Leodegar, mwambie si kweli. Mwambie Hilari hakupona kwa uji. Amekunywa maziwa ya Fulgensi tangu mtoto wa Domitila alipokufa. Nimeyachukua mbele ya macho yake na akacheka. Wote hawa wa dirishani wamekunywa. Aliyekunywa uji mtupu ni binti wa Domitila peke yake, na anajua alipo."

Leodegar alitafsiri. Furaha ilimtoka daktari usoni, ikafuata hasira. Alisema maneno mengi kwa haraka. Leodegar aliyatoa machache machache. Kwamba wameiba. Kwamba wameharibu kazi ya miezi mingi. Kwamba watoto hawa sasa hawafai kitu kwa utafiti, wameharibika. Itabidi kuanza upya na watoto wengine, na safari hii utawekwa ukuta wa mbao kati ya pande mbili. Na huyu mama aliyeanzisha aondoke kesho asubuhi.

Wameharibika. Watoto wamepata nyama mashavuni, wanauma vidole vya mama zao, wanagombania kijiko, na msomi anasema wameharibika. Tekla alidhani amesikia vibaya. Akamwuliza Leodegar, na Leodegar akamwambia ndivyo hivyo, ndilo neno lenyewe.

"Lakini si ameshajua?" Tekla alisema. "Nimemwambia. Anataka kujua nini tena?"

Leodegar alianza kuufungua mzani kwenye boriti. Mikono ya Kandida iliyopiga makofi ilikuwa mapajani, na macho yake yalikuwa kwenye masanduku, akiyapandisha moja moja mpaka paani.

Asubuhi mafundi walifika na mkokoteni uliojaa mbao. Tekla alikuwa amefunga mzigo. Eufrasia alimtukana kwaheri, akamwambia ukoo wenu umezidi midomo, na machozi yalikuwa yanamtiririka huku akitukana. Mlangoni alikwisha kufika mama mpya, ametoka mbali, tope limemfika magotini, na mgongoni ana mtoto aliyevimba hata macho hayafunguki. Bwana Mizani alimpokea, akamtazama mtoto, akaelekeza kidole dirishani.

Tekla akaweka mzigo chini.

"Leodegar, muulize daktari kama ana mtoto. Kama anaye, muulize mwanawe akivimba namna hii atamlaza upande gani."

Leodegar alimgeukia daktari, akasema neno moja fupi. Tekla hakujua lugha ile, lakini alijua kwamba maneno yake hayawezi kuwa mafupi hivyo.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia unaaga," Leodegar alisema. "Nisamehe, dada. Nami nina watoto."

Basi Tekla alikwenda mwenyewe. Alichota kikombe kutoka kwenye sufuria ya dirishani, akakiweka mkononi mwa daktari, akavikunja vidole vya daktari mwenyewe kukizunguka kama unavyomshikisha mtoto. Kiswahili cha mtu yule kilikuwa maneno ya pale ghalani tu, lakini hayo aliyajua vizuri.

"Mtoto wako," Tekla alisema polepole. "Uji."

Daktari alielewa. Ilionekana shingoni, wekundu ukapanda mpaka masikioni. Alisimama na kikombe chake, na kwa muda aliangalia ndani yake. Kisha akakiweka mezani, akawaambia mafundi waanze.

Nje, Kandida alikuwa amembeba Hilari mgongoni, amemfunga kwa kanga yake mwenyewe. Hakuomba radhi. Wakwe wa namna yake hawaombi. Walipofika mahali njia inapokuwa nyembamba, wanawake wawili wa Mchombe waliokuwa wanakwenda kuuza mpunga walisimama kuwaamkia, wakamfunua mtoto usoni, wakamshangaa.

"Shikamoo, mama Kandida. Kumbe amepata nafuu. Si ulisema amebemendwa?"

"Marahaba. Alikuwa na njaa," Kandida alisema. "Njaa tu. Na huko ndani chakula kipo, wanawanyima."

Tekla hakumshukuru. Alitangulia mbele na mzigo kichwani, anatembea kwa hasira, na nyuma yao nyundo zilikuwa zinagonga.