Mtama Juu ya Paa la Kanisa

Wadachi walipomchukua Padre wetu kwa kosa la kuzaliwa Mwingereza, Nikodemo aliichukua kofia yake. Sisemi aliiba. Padre mwenyewe aliiacha kwenye msumari nyuma ya mlango wa kanisa, maana askari hawakumpa nafasi hata ya kuaga. Lakini Jumapili iliyofuata tulimkuta Nikodemo amesimama mbele yetu, kofia imemfunika mpaka nyusi, anatusomea kwa sauti ya puani aliyodhani ndiyo ya Kizungu. Mwalimu Yoramu, ambaye hasa ndiye angetuongoza, alikuwa amefungwa kamba na kusafirishwa Tabora pamoja na Padre. Akabaki huyu mzee wa kanisa, ambaye kazi yake yote ilikuwa kupiga ngoma ya ibada na kufukuza mbuzi mlangoni.

Mimi ni Raheli. Watu husema nina ulimi, nami sibishi. Mume wangu walimchukua kubeba risasi za vita vyao, na hadi leo sijui kaburi lake liko wapi, kwa hiyo ulimi ndio niliobakiwa nao.

Kabla ya vita kanisa la mtaa wetu lilijaa mpaka watu wakakaa nje. Imani ilikuwa kubwa mno siku hizo, kwa sababu Padre alikuwa akigawa chumvi na nguo kwa wenye shida, na kila aliyekuja alikuwa na shida. Padre alipoondoka, chumvi ikaondoka, na imani nayo ikaifuata chumvi. Tulibaki wanawake wachache, vikongwe wawili watatu, na kofia.

Sasa nikwambie habari za shemeji yangu Matonya. Huyu ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Wadachi walitaka jumbe, wakatafuta mtu anayejua kuinama, wakampata yeye bila taabu. Kazi yake ilikuwa kukusanya chakula cha askari na kukipeleka stesheni ya Gulwe, kilipopakiwa kwenye gari moshi. Mdachi angeweza kuzunguka tembe zetu mwezi mzima asipate hata punje, maana Mgogo anajua kuficha. Lakini Matonya alizaliwa humo humo. Alikuwa akiingia moja kwa moja kwenye zizi la ndama, anachokonoa samadi kwa fimbo yake, na anasema, "Hapa." Kwangu alifukua jivu la jikoni akatoa kibuyu cha uwele nilichokificha, kisha akaniuliza habari za watoto. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu wa kwetu alikuwa na fimbo ya serikali.

Tulivumilia kwa sababu mbegu zilikuwa bado. Mgogo hali mbegu. Atakula mlenda mtupu, atachemsha ngozi aliyoilalia, lakini mtama wa mbegu hauguswi, hata mtoto akilia usiku kucha. Ukishaula huna mwaka mwingine. Kinachobaki ni kwenda kuhemea, kutembea nchi za watu ukibadilisha shanga za bibi yako kwa kibaba cha nafaka. Na mwaka ule hata pa kuhemea hapakuwapo, vita vilikuwa kila upande. Kwa hiyo tuliposikia kwamba safari hii Matonya ametumwa achukue na mbegu, kila mama alielewa kwamba tumeambiwa tufe.

Aliyetuokoa ni Loisi, mjane mmoja aliyekuwa akisinzia katika kila sala. Siku hiyo aliamka katikati ya maombi ya Nikodemo akasema, "Tuziweke juu."

"Juu wapi?" Nikodemo aliuliza, amekasirika kwa kukatizwa.

"Juu ya kanisa. Matonya hakanyagi hapa. Anaogopa Wadachi watasema ni rafiki wa Mwingereza."

Kanisa letu lilikuwa tembe kama nyumba zetu, refu kidogo tu: boriti, juu yake fito, juu ya fito nyasi, na juu ya nyasi udongo uliotandazwa na kushindiliwa. Loisi alitaka tuuinue udongo, tumwage mbegu juu ya nyasi pamoja na majivu ya kuzuia wadudu, kisha turudishie udongo. Nani angejua?

"Nyumba ya Bwana si ghala," alisema Nikodemo.

"Na kichwa chako si msumari," nikamwambia, "lakini kofia imetundikwa."

Wanawake walicheka, na huo ndio ukawa uamuzi wa baraza la kanisa. Kila aliyekuja ibadani alileta mbegu zake amezifunga kwenye pindo la nguo, na Loisi alikuwa akipanda paani na kuzifukia. Matonya alipita nyumba kwa nyumba akachokonoa mpaka fimbo ikavunjika. Alitutazama machoni, sisi tukatazama chini kwa adabu. Sijawahi kuwa na adabu kiasi kile.

Ukawadia msimu wa mvua, na mvua haikuja. Wazee wasiosali walimpelekea mganga wao wa mvua ng'ombe mweusi, wa mwisho aliyenusurika na askari. Nikodemo, kwa wivu, akatangaza kwamba nasi tutaomba. Tuliomba kweli. Tulipiga magoti vumbini tukalia mpaka kamasi zikatutoka, Nikodemo akapaza sauti hadi kofia ikaanguka, na tulipomaliza tulihisi tumefanya jambo kubwa. Kisha kila mtu akaenda kwake kulala.

Hapo ndipo ninapotudharau mpaka leo. Mpagani akitoka kwa mganga wa mvua hupitia nyumbani kuanua mtama wake aliouanika juani. Sisi, watu wa imani, tuliobatizwa kwa jina la Mwenyezi, tulimsihi Mungu alete mvua tukaziacha mbegu zetu zote juu ya paa. Hatukukumbuka ngazi, wala hakuna aliyesema "ikinyesha je?" Tuliomba mvua, na hakuna hata mmoja wetu aliyetarajia kunyeshewa.

Ilinyesha hiyo hiyo wiki. Ilinyesha kwa hasira, usiku na mchana, na paa la tembe likishalowa hulipandi, utatumbukia ndani pamoja na boriti. Tulikaa majumbani tukisikiliza chakula cha mwakani kikiloa. Loisi alilia. Mimi nilitukana, maana kulia sijui.

Jumapili alfajiri mvua ilipungua ikawa manyunyu, tukaenda kanisani. Paa lilikuwa limeota. Lilikuwa kijani kutoka ukingo hadi ukingo, kama kichwa cha mtoto nywele zinapochomoza baada ya kunyolewa. Tulisimama pale midomo wazi, na kabla hatujaifunga tukasikia nyuma yetu, "Mbukwenyi."

Ndiyo salamu yetu ya heshima, na aliyeitoa alikuwa Matonya, kijani kimemvuta kutoka njiani. Aliangalia paa. Akatuangalia sisi. Akacheka taratibu, cheko la mtu aliyeokota alichopoteza.

"Kumbe Mungu wenu analima," alisema. "Na chini ya hizo zilizoota, hazikosi ambazo hazijaota. Gulwe wananidai mizigo, shemeji. Ombasha wa askari atafurahi."

Akashika njia ya stesheni, mbio, kwenye tope, mtu mzima mwenye wajukuu.

Nikodemo alianza hapo hapo kutuhubiria kwamba hii ni adhabu ya kuligeuza kanisa kuwa ghala. Alikuwa na mengi ya kusema na angeyasema mpaka askari wafike. Loisi hakumsikiliza. Alikuwa ameng'oa mche mmoja ukingoni, anauangalia mizizi.

"Askari hali mche," alisema.

"Unasema nini?" nikauliza.

"Mtama ukiota kwa msongamano shambani, si tunapunguza? Mvua ikinyesha tunaing'oa miche ya ziada, tunaipandikiza palipo wazi. Mvua si hii? Tuipeleke mashambani. Ikishakuwa ardhini, achukue nini?"

"Leo ni Jumapili!" Nikodemo alisema. Kisha akaelewa jambo jingine. "Na paa? Mtabomoa paa? Kanisa alilojenga Padre?"

"Padre hakubeba fito hata moja," nilimwambia. "Boriti zile alizikata mume wangu. Udongo ule niliusomba mimi, nikiwa na mimba. Sogea."

Hakusogea. Alisimama mlangoni amenyoosha mikono, kofia kichwani, tayari kufa kwa ajili ya matope. Kwa mara ya kwanza nilimwona anaamini kitu, na kitu chenyewe kilikuwa paa! Loisi akapanda kwa nyuma, kwenye kona yenye boriti imara, akapiga jembe. Pande zima la udongo, na nyasi zake na miche yake, likaporomoka likamwangukia Nikodemo kichwani.

Akavua kofia, akaitazama. Kwenye ukingo wake palikuwa na tope, na kwenye tope miche kadhaa imesimama wima bila kuvunjika. Sijui aliwaza nini, na sitajifanya najua. Ninachojua ni kwamba aliigeuza ile kofia mdomo juu, akaikinga chini ya jembe la Loisi, ilipojaa akakimbia nayo shambani. Siku ile nilimdharau pungufu ya kawaida.

Tulilibomoa paa lote la kanisa. Tulibeba miche kwenye nyungo, kwenye vibuyu, kwenye nguo zetu, tukaipandikiza kwenye manyunyu, vidole vikiwa vimekufa ganzi, huku tukiimba nyimbo zote tulizofundishwa na nyingine ambazo Padre angezikataza. Wale wa chumvi walipoona kijani kinapita, imani iliwarudia ghafla, wakaja mbio na vijiti vya kuchimbia. Nilitaka kuwafukuza. Loisi akawagawia miche sawa na sisi, nami nikawaambia ninavyowafikiria wakati wakipanda. Hakuna aliyekasirika. Tulikuwa tunacheka, wote, tumepakaa tope mpaka meno, na nikagundua kwamba tangu wamchukue mume wangu sikuwa nimecheka bila kumcheka mtu. Hatukuwa na padre, wala mwalimu, na sasa hatukuwa na paa, lakini nakuapia sijawahi kuwa kanisani kama siku ile.

Askari walifika jioni na Matonya mbele yao anaonyesha njia. Waliingia kanisani wakatazama juu wakaona mawingu. Ombasha, mkubwa wao, aliuliza mtama uko wapi. Matonya alinyoosha mkono kuelekea mashambani. Ombasha akaenda, akang'oa mche mmoja, akautazama, akamtupia Matonya kifuani.

"Hii ndiyo mizigo yako?"

"Bwana mkubwa, wamenidanganya hawa, wao—"

"Nimepewa amri ya mizigo. Nitarudi Gulwe na mizigo."

Wakaenda kwa Matonya. Tulisimama barabarani tukaona magunia yanavyotoka. Yalitoka, yakatoka. Kumbe muda wote alipokuwa akitufukulia majivu, vilindo vyake vya nafaka vilikuwa vimejaa hadi mdomoni. Walichukua cha kula, wakachukua cha mbegu, wakafagia na sakafu. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu, kisha nikaendelea kufurahi.

Kesho yake nilikuwa shambani namalizia miche iliyosalia. Matonya akaja, akasimama mpakani. Alikuwa amelowa, hana fimbo.

"Mbukwenyi, shemeji."

Nikaendelea kuchimba.

"Watoto wangu hawana mbegu," alisema. "Si kwa ajili yangu. Mimi unichukie tu."

"Hilo sikuhitaji ruhusa yako."

Mvua ilikuwa inamchuruzika puani na hakuipangusa. Nilikuwa na ungo mmoja wa miche, na nafasi yake shambani ilikuwapo. Nikafikiria kile kibuyu cha uwele chini ya jivu, na jinsi alivyoniuliza habari za watoto wangu huku amekikumbatia. Nikamtazama, nikaona ni mtu mdogo sana, mnafiki, mlafi, mwoga, na mawazo yangu juu yake hayajabadilika hata leo.

Lakini kila siku ya Mungu nilikuwa naomba niweze kuwasamehe walionikosea. Nilikuwa nayasema maneno hayo tangu ubatizo, asubuhi na jioni, bila kudhani kwamba iko siku nitaletewa Matonya mwenyewe mpakani mwa shamba langu.

Nikamsukumia ungo kwa mguu.

"Chukua. Panda hapo palipobaki, kitakachotoka ni cha watoto wako. Na usije ukadhani nakuheshimu."

"Sidhani, shemeji."

Alipiga magoti pale pale, kwenye kipande cha shamba la nduguye, akachimba kwa vidole. Tangu awe jumbe hakuwa ameshika udongo. Mche wa kwanza aliupanda juu juu, ukalala. Wa pili nao ukalala. Nikamtukana, nikapiga magoti kando yake, nikamwonyesha kina chake.