Nilivyohamisha Sheria za Kulthum

Kulthum hakunipa shikamoo, na mimi ni rika la babake. Alitazama mkoba wangu, akamuuliza tajiri, "Huyu ndiye fundi?"

"Ndiye," Jaffar akajibu. "Katembea sana. Bombei, Durban, Dubai."

"Hata mbuzi hutembea."

Ofisi ya Jaffar ilikuwa Changamwe, kazi yake kutoa makontena bandarini. Mwaka ulikuwa tisini na tisa. Kompyuta zote zilipata intaneti kupitia mashine moja, na humo Kulthum alikuwa ameandika sheria ishirini na mbili: nani wa nje apite, nani azuiwe. Mafundi huziita fayawoli. Mashine ile ilikuwa ya mfumo uitwao FreeBSD, imechoka. Jaffar alitaka sheria zihamie kwenye mashine mpya ya mfumo mwingine, OpenBSD. Kulthum aliomba wiki mbili; mimi nikasema siku moja. Jaffar akakata maneno: nikiweza kabla ya swala ya Ijumaa, kiti cha Kulthum ni changu. Nikishindwa, nifunge virago.

Nilikitaka kiti kile. Miaka sitini na moja, nalalia mikeka ya watu.

Mashine mpya ina lugha yake, basi nikabadilisha maneno mstari kwa mstari, mpangilio nikauacha vilevile. Niliwahi kuwa bawabu wa geti la bandari, na bawabu akishapata amri ya kwanza hangoji ya pili. Nikadhani mashine zote ni hivyo. Mstari wa mwisho ulisema: zuia wote.

Ijumaa saa nne nikachomeka waya. Hapakupita kitu, hata barua pepe moja.

"Umetuzika wazima!" akapiga kelele Mwanakheri wa mapokezi. Simu zilikuwa zinamlilia masikioni.

Nilisoma orodha mara saba. Kulthum alikuwa amekaa anamumunya mabuyu, anatema mbegu mojamoja kwenye karatasi.

"Wewe wajua," nikamwambia.

"Najua."

"Sema basi."

"Niombe. Na Jaffar akija, umwambie ni nani aliyekuonyesha."

Saa sita kasorobo nikamwomba, nikaahidi.

"Mashine yangu," akasema, "ikikuta sheria ya kwanza inayomhusu mtu, huishika hiyo, haisomi zaidi. Hii yako husoma mpaka chini, na ya mwisho inayomhusu ndiyo hushinda. Ya mwisho yasemaje?"

"Zuia wote."

"Basi imekutii, bingwa wa Durban. Pindua orodha."

Nikaipindua: mstari wa mwisho ukawa wa kwanza, na mingine yote vivyo hivyo. Barua zikamiminika.

Jaffar akaingia na kanzu yake, tayari kwa msikiti. "Nani kaitengeneza?"

"Mimi," nikasema.

Kulthum akamtazama Mwanakheri. Mwanakheri, ambaye alisikia kila neno, akainamia simu.

"Si nilisema katembea?" Jaffar akacheka. "Kulthum, toa funguo."

Kulthum akajifuta mikono, akampa Jaffar funguo, si mimi. "Ikijifunga tena, huyu mwongo asije kwangu Ziwa la Ng'ombe kunipigia hodi."

"Haitajifunga," nikasema, nikakaa kitini.

Jumatatu Mwanakheri aligeuza meza yake, akanipa mgongo. Mpaka ninaondoka pale, chai alimpikia kila mtu isipokuwa mimi.