Mpaka wa Kichuguu

Nilipofika, Dionis alikuwa ameshaingia ndani ya kichuguu hadi kiunoni. Sururu ilipanda, ikashuka, na kila iliposhuka ukuta mwekundu ulitoa joto kama pumzi ya mgonjwa. Askari wa mchwa walifurika kwenye nyufa, vichwa vikubwa kuliko miili, wakiuma chochote walichokikuta: mpini, buti, udongo wenyewe.

Mimi nilikuwa na mzigo wa majani ya migomba kichwani na panga mkononi. Mvua ya kwanza ya Novemba ilikuwa imenyesha, na siku ile nilikusudia kukiezeka kichuguu kile, nipigepige debe kwa vijiti kama mvua inavyopiga, nisubiri iswa watoke. Ndivyo sisi Waha tunavyowaita kumbikumbi.

Mume wangu, Reverien, aliwajua mchwa kama wengine wanavyojua ng'ombe. Kuna wadogo wenye kichwa cha ncha, alisema, hao hawaumi, wanatema gundi. Kuna wanaokula nguzo za nyumba kimyakimya, ukashtukia paa limelala. Na kuna hawa wakubwa, wanaolima uyoga wao chini gizani, hadi mvua ikikolea uyoga ule unachomoza juu, mpana kama ungo. Kila jamii na saa yake ya kuruka. "Ila koo mbili zikikutana chini ya ardhi, Odilia," aliniambia, "ni vita mpaka mmoja uishe." Ini lilimuua mwaka wa tatu wa ndoa yetu. Hakuniachia mtoto. Aliniachia shamba, na Dionis, mdogo wake.

Kichuguu kile kilikuwa mpaka. Baba mkwe alipowagawia wanawe, hakupanda minyaa wala kuweka jiwe. Alinyoosha fimbo tu, huku Reverien, kule Dionis. Yeye naye alipokufa, shahidi akabaki kichuguu. Dionis alisema anataka udongo wa kufyatulia matofali. Kijiji kizima kilijua ni udongo gani aliokuwa anautaka.

"Shemeji, toka humo," nilimwambia.

"Genda iwanyu," alinijibu bila kugeuka. Nenda kwenu.

Akainama, akavunja kitu kigumu kama kibuyu cha udongo, akamtoa malkia. Alikuwa mweupe, mrefu kuliko kidole cha kati, tumbo likitetemeka. Alimwinua ili nimwone vizuri, kisha akamtupa chini na kumkanyaga.

"Haya. Mpaka uko wapi?"

Nilitupa majani, nikapanda, nikamkamata ukosi wa shati. Alinipiga kwa mpini wa sururu, mdomoni. Nilisikia meno yangu yakivunjika kabla sijasikia maumivu. Mawili yalikuwa juu ya ulimi kama punje za mahindi. Nikayatema. Alikuwa anatoka shimoni, mpini umeinuliwa tena, ndipo nilipoinua panga.

Nikijiuliza mwenyewe, hujiambia nililenga mguu. Sikulenga mguu. Nililenga shingo. Yeye alijirusha nyuma, akateleza, akaangukia shimoni miguu juu, na panga likampata pajani, juu kidogo ya goti. Nyama ilifunguka. Damu ikaja taratibu, kisha kwa kasi.

Askari walimpanda. Waliingia ndani ya kidonda, wakauma na kubaki wameuma. Nyuma yao wafanyakazi walikuwa wameshaanza kuziba ufa, kila mmoja na tonge lake la udongo mbichi, wakiwafungia nje askari wao. Malkia wao alikuwa ameshakufa pale pale, wao walijenga.

"Shemeji," alisema Dionis. Hakupiga kelele. Alijaribu kufinya paja kwa mikono miwili, mikono ikateleza.

Nilisimama. Natamani ningesema nilipigwa na bumbuwazi, lakini akili yangu ilikuwa safi kabisa. Niliona shamba lote, upande huu na ule. Niliona hakuna aliyetuona.

Kisha nikasikia pikipiki ya Athuman, yule bodaboda wa Buhigwe, ikipanda kilima. Ndipo niliporuka shimoni, nikavua kitenge, nikalifunga paja kwa nguvu zangu zote, huku nikipiga ukunga kama mwanamke aliyefika sasa hivi.

Tulipanda watatu hadi hospitali ya Kabanga, Dionis katikati, damu yake ikilowesha gauni langu na yangu ikidondokea mgongoni mwake. Muuguzi alikaa muda mrefu akichomoa vichwa vya mchwa kwenye kidonda kwa koleo. Miili ilikuwa imekatika, taya hazikuachia.

"Mna fomu ya polisi, PF3?" aliuliza. "Nani kamkata?"

"Nilikuwa navunja kichuguu," Dionis alisema. "Panga likaniteleza."

Muuguzi alinitazama mdomoni. "Na wewe, mama?"

"Nilianguka."

Aliweka koleo chini. Kisha akaandika.

Hiyo ni miaka saba sasa. Goti la Dionis halikukunjika tena. Kichuguu kiliendelea kuzibwa kwa miezi michache, baadaye kikanyamaza, na mvua zikakisawazisha hadi ukawa huwezi kukitofautisha na shamba. Hata hivyo hajawahi kulima hatua moja upande wangu, na mimi sijawahi kumuuliza kwa nini alidanganya.

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, alikuja akichechemea, akaketi kwenye kigoda uani kwangu. Nilikuwa namenya mihogo. Tuliongea habari za mbolea, za mkewe aliyekuwa Kasulu kwa dada yake. Kisha akalisugua goti lake.

"Shemeji. Siku ile, kama Athuman asingepita?"

Niliendelea kumenya. Ganda lilikatika.

"Sijui," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Mimi nilikuwa nahesabu pale shimoni, wewe umesimama," alisema. "Nilifika mia mbili na kitu. Halafu nikaisahau namba inayofuata."

Akanyoosha mkono. Nikampa kisu, nikamsogezea sufuria, akachagua muhogo mkubwa akaanza kuumenya.