Fundi Viti Apiga Pindo

Mama yangu ana kauli moja kuhusu blanketi la vipande: pindo hupigwa kwa mkono, na anayetaka kulipiga kwa cherehani akashone magunia. Alituambia hivyo tangu tukiwa wadogo, nasi tukaitikia, maana Mama hajadiliwi. Blanketi la harusi yangu aliliunga kwa miaka miwili, vipande vya magauni yetu ya utotoni na mapazia ya zamani, mpaka vidole vikakakamaa. Harusi ilipokaribia hakuweza hata kutunga uzi. Blanketi likabaki wazi pande zote nne, pamba ikichungulia, na Mama hataki kulitazama wala hataki liguswe.

Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye aliyejitolea kulimaliza. Kazi yake ni kushona viti vya magari. Mama hakumkatalia kaka kumwoa, lakini hakushangilia pia, na tangu siku ya ndoa yao humwita Fundi Viti. Si jina la sifa.

"Utalishonaje?" Mama akamuuliza.

"Kwa mashine, mama."

"Basi liharibie hapa mbele yangu, nione."

Kaka akaileta cherehani sebuleni, akaitua kwenye meza ya chakula, kisha akakumbuka ana shughuli mjini. Mwanaume anajua pa kujiokoa.

Nilitarajia afanye haraka. Wifi akaanza na pasi. Utepe wa bluu alikuwa ameshaukata, wa kuzunguka blanketi zima na kubaki kidogo, vipande vyake vimeungwa kwa mshazari ili unene usirundikane mahali pamoja. Akaukunja katikati kwa urefu wake, akaupiga pasi mpaka ukatulia kama uliotoka dukani. Halafu badala ya pini akatoa mfuko wa vibanio vya nywele.

"Unamsuka nani?" Mama akauliza.

"Ngozi ya kiti ukiichoma pini, tundu halifutiki, mama. Nimezoea kubana."

Mama akaguna. Ninamjua, lile lilikuwa guno la mtu aliyekosa la kukosoa.

Wifi akaligeuza blanketi kifudifudi, akalaza utepe upande wa nyuma, akakanyaga mashine. Mama akainuka.

"Acha. Umeanzia nyuma. Pindo linaanzia mbele, linakunjiwa nyuma, linafichwa huko. Fumua."

Wifi huyu hajibizani na Mama. Akiambiwa chai ina sukari nyingi, huongeza maji na kunyamaza. Safari hii hakuondoa mguu.

"Kwa mkono ni hivyo, mama, kwa sababu unaona unapochoma. Mashine haioni chini. Mshono wa mwisho lazima uwe upande wangu, niusimamie mwenyewe. Nikimalizia nyuma, huku mbele uzi utakwenda ovyo."

"Nimesema fumua."

"Nikimaliza, ukitaka, nitafumua. Lote."

Mama akampa kisogo, akaenda kusimama dirishani. Mimi nilibaki pale pale, na nashukuru nilibaki, kwa sababu sijawahi kuona mtu akishona namna ile. Alipokaribia kona alisimama upana wa ukucha kabla ya ukingo, akakata uzi, akaukunja utepe kwenda juu, akaushusha, akaanza upande mpya kana kwamba kona haikuwapo. Ncha mbili zilipokutana hakuzipandanisha tu. Hapo ndipo wengi huumbuka: utepe ukizidi, pindo linavimba; ukipungua, blanketi linajivuta na kukunjamana. Akazipima, akazikata mshazari, akaziunga, na utepe ukalala chini wenyewe. Kisha akauleta mbele ukafunika mshono wa kwanza, akaubana kwa vibanio vyake vya saluni, akabadilisha nyuzi: juu wa bluu, chini wa rangi ya kitambaa cha nyuma. Sindano ikatembea ukingoni kabisa mwa utepe, naye akiondoa kibanio kimoja kimoja kabla mashine haijakifikia. Mstari ulitoka mnyoofu hata nikamwonea wivu.

Alipomaliza hakujisifu. Alilitandaza blanketi mezani, akakaa.

Mama akarudi. Hakuangalia, alipitisha kidole gumba, kigumu kama kilivyo, juu ya pindo lote, kona baada ya kona, akitafuta palipoungwa. Akaizunguka meza. Akaizunguka tena. Akapindua upande wa nyuma, akaukuta mshono umefuata ukingo wa utepe bila kupotea popote.

"Umeungia wapi?"

Wifi akamwonyesha. Mama akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kitambaa.

"Nilikuwa naomba ukosee," akasema. Alisema bila hasira, tena alimtazama machoni. "Ungekosea, ningejua kazi hii bado inavitaka vidole vyangu. Sasa nibaki na nini?"

Machozi yalinilenga, nikajifanya natazama sakafu. Wifi akainuka, akavuta kiti chake nyuma.

"Kaa hapa, mama."

"Nikae nifanye nini? Hata sindano siwezi kushika."

"Hii huishiki. Mashine ndiyo imeishika. Wewe laza viganja tu, uiongoze nguo."

Mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, kama tuliokula njama. Akakaa kwa shingo upande. Wifi akamtungia uzi, akamwekea kipande cha utepe uliobaki juu ya kitambaa chakavu, akachuchumaa pembeni yake. Viganja vikalala juu ya nguo, mguu ukakanyaga. Mashine ikachapuka, Mama akashtuka na kuachia, kisha akakanyaga tena, taratibu. Mshono ulipinda vibaya, ukatoka nje ya utepe, ukarudi ndani, ukatoka tena. Akaukata uzi mwenyewe, akakiinua kile kipande kwenye mwanga, akakigeuza mbele na nyuma.

"Huu ni upuuzi," akasema. "Lete kingine."